Matanga ya Mtu Hai

Kétsia alipofika nyumbani kwao Kashebere, matanga yake yalikuwa yamekwisha kusahauliwa. Mama yake alikuwa amemlilia, amenyoa nywele, amekataa chumvi hadi ndugu zake wakamgombeza, kisha akaendelea kuishi. Wengi walioketi naye chini siku zile walikuwa wamehama, na wengine wamekufa. Sasa yule waliyemlilia alikuwa amesimama penye uzio wa matete, msichana wa miaka kumi na minne, mwembamba, miguu myekundu kwa udongo wa barabara. Kando yake alikuwapo mwanamke mzee mwenye kikapu mgongoni.

“Hodi hapa,” mzee alisema. “Hapa njo kwa Papa Hilaire?”

Françoise alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Alishikilia mchi juu, akamjibu mgeni bila kumwangalia sana.

“Ndiyo, njo hapa. Hayuko. Ni nani anamutafuta?”

“Miye naitwa Sophie. Natoka Itebero. Tupatie kwanza maji, mama. Kisha nitakuambia, na uikale chini.”

Wakati huohuo kitoto cha kike cha miaka minne kikatoka mlangoni, kikiburuta kanga ya mama yake kwenye tope.

“Kétsia!” Françoise akapaza sauti. “Wacha ile kitu! Rudia ndani!”

Kitoto kilisimama. Na kule penye uzio, yule msichana mgeni naye akaweka mguu nyuma, kama aliyeamriwa arudi. Françoise akawaona wote wawili wakimtazama, mkubwa na mdogo, kila mmoja akingoja aambiwe afanye nini.

Mchi ukatua ndani ya kinu bila kutwanga.

Sophie alieleza akiwa amekaa kwenye kigoda, kikombe cha maji mkononi. Mume wake alikuwa mwindaji. Wakati wa ile vita ya huko kwao, alimkuta mtoto wa miaka mitano hivi kando ya mto, mguu umevimba, siafu wamemshika. Akambeba hadi kambini kwake. Mtoto alijua majina matatu tu: Papa Hilaire, Mama Françoise, Bienvenu. Lakini barabara zilikuwa zimefungwa, vijiji vimetawanyika, na kila aliyeulizwa alisema hajui. Miaka ikapita. Mwindaji akafa. Halafu mchuuzi mmoja wa mawese akalala kwao, na katika mazungumzo akamtaja Hilaire wa Kashebere, shemasi kanisani, aliyeishi upande wa Itebero zamani akifanya biashara ya mawese.

“Nikasema, miye nazeeka,” Sophie alimaliza. “Siwezi kufa na mutoto wa bantu wengine mu nyumba. Njo huyu. Nimekuletea.”

Mtu angetegemea Françoise apige yowe, atupe kinu, amkumbatie mwanawe hadi majirani waje mbio. Hakufanya hivyo. Alikuwa amemjua tangu pale penye uzio, kwa namna alivyosimama na kuweka uzito wote upande mmoja, kama marehemu mama yake Françoise. Lakini nyuma ya kumjua mtoto alikuwapo mtu mwingine, naye Françoise hakuwa tayari kumwangalia. Alikuwa mume wake, aliyesema amemzika mtoto huyu.

“Pole na safari,” alisema, na sauti yake ikatoka kama ya muuzaji sokoni. “Nitawaongezea maji.”

Kétsia alikuwa ametembea siku nyingi msituni akijifunza salamu atakayompa mama yake. Alipokea kikombe kwa mikono miwili, akasema, “Asante, mama,” kama ambavyo angemwambia mwanamke yeyote.

*

Hilaire alirudi mchana kutoka barabarani, ambako aliwauzia madereva wa malori ndizi za makemba. Alikuwa mtu wa kunyooka, shati limepigwa pasi hata siku za kazi. Alimsikiliza Sophie akiwa amesimama. Watoto wa jirani walikuwa wamekwisha kujaa penye uzio, na Mama Francine wa nyumba ya pili alikuwa ameacha kufua.

“Mama, umetoka mbali, pole,” Hilaire alisema. “Lakini mutoto wangu alikufa. Nilimuzika na hii mikono. Huyu simujue.”

“Papa, umuangalie vizuri.”

“Nimemuangalia.”

Hakuwa amemwangalia. Macho yake yalikuwa juu ya kikapu.

“Anajua jina yako,” Sophie alisema. “Anajua ya mama yake, ya kaka yake.”

“Mu hii inchi majina haikose kusikika. Vita imeacha bantu wengi bila fasi ya kulala. Unafikiri miye njo wa kwanza kuletewa mutoto?” Kisha akamgeukia msichana, bado bila kumtazama usoni. “Nani alikufundisha?”

“Papa, ni miye,” Kétsia alisema.

“Usiniite vile.”

Mtoto mmoja penye uzio akacheka. Kétsia akainamisha kichwa. Hilaire alisikia kile kicheko kisogoni, akaingia ndani. Huko alikaa kitandani, mikono juu ya magoti. Alikuwa amelisimulia lile kaburi mara nyingi kiasi cha kuliona: kilima kidogo cha udongo mwekundu, msalaba wa fito mbili, majani ya mgomba juu. Alikuwa amelia penye lile kaburi. Ni kaburi gani hili sasa lililosimama penye uzio na kuomba maji?

Nje, Françoise aliwaambia wageni, “Mumechoka. Mutalala jikoni. Ya kesho tutaona kesho.”

Ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa ile yeye kuamua jambo kabla mumewe hajatoa neno.

Lakini alipopakua chakula, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye sahani ya plastiki iliyopasuka ukingoni, ile ya vibarua wa shambani. Familia ilikula ndani, wageni wakala jikoni. Kétsia alipomaliza aliosha ile sahani, akaiweka peke yake pale alipoona imetolewa, mbali na nyingine.

Bienvenu alirudi kutoka shuleni jioni. Alikuwa na miaka kumi na sita, mvulana wa maneno machache ambaye walimu walimsifu kwa utulivu. Alisimama mlangoni pa jiko, daftari kwapani. Kétsia akamtambua kwa masikio yake yaliyochomoza, akatabasamu. Bienvenu akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, akaingia ndani. Hakutoka hata kula chakula cha usiku.

*

Asubuhi Sophie alienda kuoga mtoni. Françoise alikuja kuwasha moto, akamkuta Kétsia amekwisha kufagia jiko na kukunja mkeka. Wakabaki wawili, moshi katikati yao.

“Bibi yako, mama yangu, alikuwa anaitwa nani?” Françoise aliuliza ghafla.

“Sijue.”

“Nyumba yetu ya kule, mulango yake ilikuwa inaangalia wapi?”

“Nimesahau, mama.”

“Wimbo nilikuwa nakuimbia?”

Kétsia akafikiri sana, akitafuta kwa nguvu hadi jasho likamtoka juu ya mdomo. Alitikisa kichwa. Aliona mtihani huu unampita, akaogopa kwamba jibu lingine la “sijue” litamrudisha barabarani.

“Sasa unakumbuka nini?”

“Ile siku tu.”

“Sema.”

“Papa alikata jani ya mugomba, akanikalisha juu, kando ya muto. Mugu ilikuwa imevimba, sikuweza kutembea. Bienvenu alikuwa ku mugongo yake, iko na homa. Papa akasema, ‘Usilie, bantu wa bunduki watasikia. Navusha kaka yako, kisha narudia.’ Nikajifunga mudomo hivi.” Alionyesha, viganja viwili kimoja juu ya kingine. “Nikamuona anapita. Kule ngambo akageuka, akaniangalia. Kisha akaingia mu pori. Nilipoona hatokee tena, njo nikaachilia mudomo. Nikaita sana.”

Françoise alisukuma kuni ambazo hazikuhitaji kusukumwa. Siku ile vita ilipoanza yeye alikuwa hapa Kashebere, amekuja kumuuguza mama yake. Hilaire alifika na mtoto mmoja, miguu imepasuka, akamwambia kwamba homa ilimchukua Kétsia njiani. Na kwenye matanga, mbele ya watu wote, Françoise alisimama akamshukuru. Alimshukuru kwa kumpa mtoto wake udongo, wakati watoto wa wengine waliachwa kwa wanyama. Watu walisema amepata mume kweli. Miaka yote hii alikuwa amelala kando ya mwanamume yule na shukrani ile ndani ya kifua.

Mkono wake uliinuka kuelekea bega la msichana. Hapo kitoto kikaita kutoka ndani, kikitaka uji, na mkono ukashuka.

*

Jumapili baada ya ibada walikutana sebuleni: Eugène, kaka mkubwa wa Hilaire, Mchungaji Raphaël, wenye nyumba, Bienvenu, na Sophie aliyewekwa kwenye kiti karibu na mlango. Kétsia hakuitwa. Alikaa kizingitini pa jiko, akisikia kila neno kupitia ukuta wa mbao. Kitoto kilikuja kukaa karibu naye, kikamuuliza jina lake. Kikachoka kungoja, kikaenda kucheza.

“Kama ni yeye,” Eugène alikuwa akisema, “hawezi kula na siye ovyo. Muntu mwenye tulimulilia matanga haingie mu nyumba sawa vile mugeni. Tutafute majani ya kumusafisha, tutafute mbuzi.”

“Haiko yeye,” Hilaire alisema. “Mbuzi ya nini?”

“Shemasi,” Mchungaji Raphaël alisema taratibu, “ile kaburi iko fasi gani? Vijana wanaweza kwenda kuangalia.”

“Mu pori kubwa, Mchungaji. Saa hii miti imeota juu. Nani ataijua?”

“Papa Bienvenu,” Françoise alisema. Wanaume wakageuka, kwa sababu sauti ilikuwa ya chini mno. “Nilikushukuru mbele ya bantu. Unakumbuka? Niambie tu, nilikushukuru juu ya nini?”

“Mama, huyu mwanamuke ameharibu akili yako—” Hilaire alianza.

“Hakukufa.”

Aliyesema ni Bienvenu. Alikuwa amesimama, akitazama sakafu.

“Kaa chini,” Hilaire alisema. “Ulikuwa na homa.”

“Nilikuwa na homa, lakini nilisikia. Alikuwa anaita. Nilikuambia, ‘Papa, Kétsia anatuita.’ Ukasema ni ndege. Tulienda, tulienda, anaita tu. Ukasema ni ndege.”

Hilaire aliinua mkono kama aliyezoea kuuinua. Eugène akaushika hewani, na mkono ule, uliokuwa umewanyamazisha watoto wa nyumba hiyo kila walipouliza habari za Itebero, ukalegea kama kitambaa. Hilaire akaketi. Alipoanza kusema, alisema akiangalia viganja vyake.

“Muto ilikuwa imejaa. Wawili singeweza. Nilisema nivushe huyu wa homa, nirudie. Kweli nilisema vile. Nilipofika ngambo bunduki zikalia karibu. Nikakimbia. Nikasema nitarudia kesho. Kesho yake nikasema kesho.”

Katika sebule ile hapakuwa na mtu ambaye hajawahi kukimbia. Eugène mwenyewe aliwahi kumwacha baba mkwe wake kitandani, akafunga mlango kwa nje ili mzee asione aibu ya kuachwa mlango wazi. Mchungaji alivua miwani.

“Hakuna hapa mwenye atakuhukumu juu ya ile muto,” alisema.

“Miye pia simuhukumu juu ya muto,” Françoise alisema. “Papa Bienvenu, juu ya nini ulisema alikufa?”

“Ungerudia kumutafuta. Wangekuua mu njia.”

“Ningerudia.”

“Njo maana.”

“Ningerudia!” Sasa sauti ilipanda, na Kétsia kule nje akaisikia kwa mara ya kwanza ikiwa sauti ya mama. “Ni kazi yangu kurudia! Nani alikutuma unichagulie?”

“Tulikuwa pale pale,” Sophie alisema kutoka mlangoni, bila ukali. “Kutoka ile muto ni mwendo wa asubuhi moja. Muntu angeuliza tu, angemupata.”

Hilaire alifunika uso. “Kisha ilikuwa imechelewa,” alisema ndani ya viganja. “Nilikuwa nimekwisha kumuzika.”

*

Mbuzi alichinjwa, majani yakachovywa kwenye maji, Eugène akanyunyiza, Mchungaji akaomba, kila mmoja akijifanya haoni ya mwenzake. Wanawake waliimba. Kétsia aliingizwa nyumbani akiwa ameshikwa mkono na Mama Francine, ambaye hakuwa ndugu wa mtu yeyote pale. Walimkalisha kwenye mkeka mpya, wakamtazama akila nyama. Alikula polepole ili asionekane mlafi.

Jambo la jina halikuwa jepesi. Kitoto kilizaliwa baada ya matanga na kupewa jina la aliyekufa, nacho hakikutaka kuligawa. “Kétsia ni miye!” kililia, kikapiga teke. Wakakubaliana kumwita huyu Kétsia mukubwa, lakini lilikuwa refu. Watoto wa mtaani walimwita Mufufuka. Kisimani walimwachia nafasi, si kwa heshima. Msichana mmoja alimgusa mkono kwa kidole, akakimbilia kwa wenzake kusema ni wa moto kama watu wengine.

Françoise alihamisha godoro lake chumba cha watoto. Hilaire hakuketi tena kiti cha mashemasi. Hakuna aliyemfukuza, bali alikaa mwenyewe benchi la nyuma, karibu na mlango, na kutoka kabla ya baraka. Nyumbani alikula nje. Yeye na Kétsia walipitana uani kama watu wanaongoja lori moja bila kujuana. Siku moja, akinoa panga, akasema bila kuinua kichwa:

“Ile mugu inakuuma tena?”

Kétsia alisimama na ndoo kichwani. Maji yalimchuruzika shingoni.

“Ilipona zamani.”

“Ilikuwa ya kuume.”

“Ya kuume, ndiyo.”

Alingoja kidogo, labda kuna jingine. Panga likaendelea kusugua jiwe. Kétsia akapeleka maji.

Juma la pili Sophie akafunga kikapu chake. Kétsia alimsindikiza hadi mwisho wa kijiji, na Françoise nyuma yao. Penye daraja la magogo yule mzee akasimama.

“Rudia sasa. Usikie mama yako.”

“Mama, twende na miye,” Kétsia alisema, akamshika nguo. “Mama, usiniache hapa. Nitalima, nitabeba kuni zote. Mama!”

Sophie alifungua vile vidole kimoja kimoja, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. “Nitakuja,” alisema. “Mungu akinipa miguu, nitakuja.” Akavuka, akaenda zake, mgongo umeinama chini ya kikapu.

Françoise alibaki hapohapo kando ya barabara. Tangu Kétsia afike hakuwa amelisikia neno “mama” likitamkwa hivyo, kwa mwili wote. Alitamani kuziba masikio, akaona haya kwa kutamani hivyo. Mwanamke yule alikuwa amelipia kila herufi ya neno lile.

*

Kesho yake Françoise na Kétsia walikwenda shambani wawili. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo ulikuwa laini, na mihogo ilitoka bila kukatika. Walifanya kazi mistari miwili kando kando. Upande wa Masisi kitu kiliunguruma, labda radi, labda si radi. Wote wawili waliinua vichwa, wakasikiliza, kisha wakainama tena.

“Kule alikuwa anakupikia nini?” Françoise aliuliza.

“Makemba. Nyama ya pori, kama papa wa kule alipata. Uyoga.”

“Unapenda uyoga?”

“Sana.”

“Sikujua.” Alikung’uta udongo kwenye mzizi. “Ulipokuwa mudogo ulikuwa unaitapika.”

Françoise aliendelea kuuliza, moja baada ya jingine, kama mtu anayetembea kwenye maji asiyojua kina chake. Nani alimsuka nywele? Alipovunja ungo, nani alimwelekeza? Aliwahi kuugua sana? Kila jibu lilikuwa Mama Sophie. Kétsia alijibu kwa adabu, na kwa huruma, akiona kila jibu linavyotua.

“Ulikuwa unaniita?” Françoise aliuliza mwishowe.

“Kwanza, ndiyo. Kila siku.”

“Kisha?”

“Kisha nikaacha.”

Françoise alisimika jembe, akaliegemea. Uso wake ulikuwa mkavu. Alikuwa ameyamaliza yale machozi zamani, kwa mtoto ambaye hakuwa amekufa, na sasa alipoyahitaji hayakuwapo.

“Sikuja,” alisema. “Walinidanganya, lakini sikuja. Ile mama ya jana ni mama yako, siwezi kukunyanganya. Usinipe lile neno juu ya adabu tu, mbele ya bantu. Linaniuma sana. Uniite Françoise.”

“Siwezi!” Kétsia alishtuka. Mtoto hamtaji mzazi wake kwa jina, hata akiwa na hasira, hata akiwa peke yake. “Ni laana.”

“Basi uniite sawa vile utaweza. Nitaitika.”

Wakaendelea kuchimba. Jua lilipanda, kisha mawingu yakalifunika. Kikapu cha Kétsia kilijaa kwanza. Alijaribu kukiinua peke yake, kikamshinda, akajaribu tena kwa goti. Kule kwa Sophie angekuwa ameita zamani. Alimtazama yule mwanamke aliyeinama mwisho wa shamba, kanga imekazwa kiunoni, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akaita kama majirani walivyomwita, kama Mama Francine alivyomwita akiomba chumvi.

“Mama Bienvenu! Unisaidie kutwika kikapu.”

Françoise aliinuka kwa jina lile la mtaani. Akaacha jembe palepale lilipokuwa, akaja kwa haraka kati ya mashina, akikanyaga mihogo yake mwenyewe.

“Niko hapa,” alisema. “Niko hapa. Inama.”